Gari Lililoshindwa Kusahau Vichaka

Tarehe 8 Oktoba 2005, katika mji mdogo wa Primm, jimbo la Nevada, Marekani, magari 23 yalipangwa kuingia jangwa la Mojave bila mtu hata mmoja ndani yake. Mashindano hayo yaliandaliwa na DARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Njia ilikuwa ya kilomita 212, yote vumbi, mawe na makorongo, na zawadi ilikuwa dola milioni 2. Mwaka uliotangulia hakuna gari lililomaliza. Lililokwenda mbali kuliko yote lilikwama kabla ya kutimiza kilomita 12. Safari hii magari matano yalifika mwisho, na mshindi akawa Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford, lililotumia muda usiotimia saa saba.

Miongoni mwa yaliyobaki njiani lilikuwemo Prospect Eleven, pikapu ya GMC Canyon iliyoandaliwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Princeton. Wapinzani wao wengi walijaza leza za bei kubwa juu ya magari yao. Wao waliweka kamera ya macho mawili, wakaandika programu ya kupima umbali kama jicho la binadamu linavyopima. Kwa vijana wasio na fedha nyingi, kufika tu kwenye fainali lilikuwa jambo la kuvulia kofia. Gari lilianza safari vizuri, likakwepa vizuizi, likafuata njia. Kabla ya kutimiza maili 10, yaani kama kilomita 16, safari yake ikaishia hapo. Mawe ya Mojave hayakuwa na kosa. Kompyuta iliyokuwa ndani ilikuwa imezidiwa na mzigo wa vichaka ambavyo gari lilikwisha kuvipita.

Kisa hiki nakielekeza kwa vijana wetu walioko Dubai, kwa sababu huu ni mji ulioamua mapema kuziamini programu zinazojiendesha. Metro ya Dubai ilianza tarehe 9 Septemba 2009 bila dereva kwenye treni. Mwaka 2016 serikali ya Dubai ilitangaza lengo kwamba ifikapo 2030, robo ya safari zote mjini zifanyike kwa vyombo vinavyojiendesha. Na nyuma ya malengo makubwa kama hayo zipo programu ndogondogo zisizoandikwa gazetini: za maduka, za mizigo, za hoteli, za kliniki, za usafirishaji wa chakula. Wapo vijana kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Kampala na Bukavu wanaoishi Deira au Sharjah na kupanda metro asubuhi kwenda kuziandika. Wengi wamefundishwa Java, C#, Python au Kotlin, na darasani waliambiwa kwamba katika lugha hizo kumbukumbu ya kompyuta inajisafisha yenyewe. Waliambiwa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo iliyolisimamisha gari la Princeton.

Tuanze na nusu ya kwanza, maana ni ya kweli na ina heshima yake. Programu za aina hii hujengwa kwa obijekti. Obijekti hubeba taarifa zake pamoja na kazi zake mahali pamoja: mteja, akaunti, mzigo, kichaka. Fikra hiyo ilipata umbo Oslo, Norway, katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula ili waweze kuiga ndani ya kompyuta shughuli za dunia halisi. Kila obijekti inapoundwa hupewa nafasi katika eneo la kumbukumbu liitwalo hipu. Programu kubwa huunda obijekti maelfu kwa sekunde, na nyingi kati ya hizo kazi yake inakwisha papo hapo. Swali ni nani atairudisha ile nafasi.

Katika C na C++ ya miaka ya nyuma, aliyeomba nafasi ndiye aliyepaswa kuirudisha kwa mkono wake. Akisahau, nafasi ile inapotea hadi programu ifungwe. Akiirudisha mapema mno, sehemu nyingine ya programu huendelea kuandika mahali ambapo pameshapewa obijekti nyingine, na data huharibika bila mtu kujua, mpaka siku hesabu zinapokataa kulingana. Makosa haya yamewatoa jasho waandishi hodari kwa miongo mingi, na milango mingi ya wadukuzi imefunguka kupitia hapo. Mwenye kudharau mzoa taka wa kompyuta, yaani programu inayorudisha nafasi hiyo badala ya mwandishi, kwa kuwa anachukua muda wa prosesa, hajawahi kukesha akitafuta kosa la aina hiyo.

John McCarthy, akiwa MIT mwaka 1959 katika kuiunda lugha ya Lisp, alipata njia ya kumwondolea mwandishi kazi hiyo. Programu inaposimama kidogo, mzoa taka huanzia kwenye mizizi: vigeu vya kazi zinazoendelea wakati huo, vigeu vya kudumu vya programu nzima, na nyuzi za utendaji zilizo hai. Kutoka hapo hufuata kila rejeo. Obijekti hii inaishika ile, ile inazishika mbili nyingine, hizo zinashika nyingine tena. Kila anayoifikia huitia alama. Akimaliza, zote zisizo na alama ni taka kwa hakika, kwani hakuna njia yoyote ambayo programu ingeweza kuzifikia tena. Huzifuta, na nafasi inarudi. Java ilipotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995 iliibeba njia hii hadi kwenye mabenki na maofisi, na C# ya Microsoft ikafuata miaka michache baadaye.

Mzoa taka wa leo ni mjanja kuliko yule wa McCarthy. Utafiti wa miaka ya 1980 ulithibitisha jambo ambalo kila mwandishi angeweza kulihisi, kwamba obijekti nyingi hufa zikiwa changa. Kwa hiyo hipu hugawanywa kwa umri. Upande wa changa husafishwa mara kwa mara na kwa haraka, na zilizonusurika mara kadhaa huhamishiwa upande wa wazee, ambako usafi mkubwa hufanyika kwa nadra. Ndiyo maana programu iliyo na afya haikuoneshi dalili yoyote kwamba ndani yake taka zinazolewa mchana kutwa.

Sasa nusu ya pili. Mzoa taka anajibu swali moja tu: je, obijekti hii inafikika kutoka kwenye mizizi? Kama bado unaihitaji au la, hilo hajui na hana namna ya kulijua. Fikiria gari la taka linalopita usiku kwenye vichochoro vya Naif, Dubai. Wafanyakazi humwaga kilichomo ndani ya mapipa ya barabarani; hawapandi ghorofani kukagua kabati zako na kuamua kwamba redio ile mbovu huna haja nayo. Ikiwa umeishikilia ndani, itabaki ndani mwaka mzima, hata kama pipa lililo mlangoni kwako linamwagwa kila siku.

Turudi Mojave tutazame jinsi hilo lilivyotokea. Kamera ilipoona kizuizi, programu ya Prospect Eleven iliunda obijekti ya kizuizi na kuiweka kwenye orodha. Obijekti hiyo pia ilijiandikisha kusikiliza tukio ndani ya programu, yaani ilitoa jina lake kwa obijekti nyingine na kuiambia: likitokea jambo fulani, niarifu. Kichaka kikishapitwa, programu ilikiondoa kwenye orodha ya vizuizi. Waandishi wakaamini kimekwisha, na kwa kutazama orodha peke yake walikuwa sahihi. Lakini yule mtangazaji wa tukio alikuwa bado na daftari la majina ya wasikilizaji wake, na jina la kichaka kile halikufutwa humo. Daftari lilikuwa linashika kichaka, mtangazaji analishika daftari, na mtangazaji mwenyewe yuko hai muda wote gari linapotembea. Mzoa taka alipita, akafuata marejeo, akakikuta kichaka kimeshikwa, akakiacha kama alivyoagizwa.

Kilichofuata kilikuwa na uzito wa aina mbili. Kumbukumbu ilizidi kujaa kila gari lilipokwenda mbele, kwani jangwa halina uhaba wa vichaka. Na kila tukio lilipotangazwa, vichaka vyote vya nyuma vilipokea habari pamoja na vile vya mbele, vikaitumikisha prosesa iliyohitajika kuangalia njia. Hili la pili watu hulisahau wanapozungumzia kuvuja kwa kumbukumbu. Obijekti iliyoshikwa na daftari la wasikilizaji hailali. Inaendelea kutenda, na wakati mwingine inatenda mambo ambayo hayafai kabisa kutendwa na kitu kilichokwisha kufutwa.

Wanafunzi wale walilijua tatizo tu kwa sura yake ya nje. Baada ya mashindano, walipoiweka programu chini ya kifaa cha kupima kumbukumbu, kifaa kiliwaonesha waziwazi obijekti za vizuizi vilivyofutwa zikiwa zimerundikana, pamoja na nani anazishika. Tiba ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na hasara: kizuizi kinapoondolewa kwenye orodha, kifutwe pia kwenye daftari la wasikilizaji. Naliona hili kuwa jambo la kuhuzunisha na la kuheshimika pia, kwa sababu vijana wale hawakulificha. Walilieleza hadharani kwa jina la chuo chao, na ndiyo maana leo tunaweza kujifunza kwalo.

Huenda kijana akasema kwamba yeye haandiki programu za magari ya jangwani. Basi nimjengee ofisi. Ofisi hii nimeitunga kwa ajili ya funzo, lakini kila kilichomo ndani yake kinaweza kutokea wiki hii katika mtaa wowote wa Deira ambako watu wetu wanafungasha mizigo.

Ni ofisi ya kago. Inapokea mizigo ya kwenda Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Bujumbura, kwa ndege na kwa meli. Mwenye ofisi ni mama wa makamo kutoka Mombasa, na programu yake ameandikiwa na kijana mmoja, kwa Java. Kila mzigo ukipokewa unakuwa obijekti: jina la mwenye mzigo, uzito, mahali unapokwenda, na picha tatu za bidhaa ili baadaye kusiwe na ubishi. Picha tatu, tuseme megabaiti 2 kila moja, ni megabaiti 6 kwa mzigo. Kwa kuwa wateja hulipa wengine kwa dirham na wengine kwa shilingi, kijana ameweka obijekti moja ya kudumu inayohifadhi viwango vya fedha, na kila mzigo uliofunguliwa kwenye skrini hujiandikisha hapo ili bei yake ijirekebishe kiwango kikibadilika. Ni ubunifu mzuri. Mzigo ukishalipiwa na kupelekwa uwanja wa ndege, unatolewa kwenye orodha ya mizigo iliyo wazi. Kwenye daftari la viwango hautolewi.

Miezi ya kwanza hakuna anayeona kitu. Seva ina gigabaiti 4 za hipu zilizo huru, ofisi inafungua mizigo 150 kwa siku, na kila baada ya siku chache umeme wa jengo au sasisho fulani huifanya programu izimwe na kuwashwa. Mizigo kama 680 ndiyo ingejaza gigabaiti 4, na haijawahi kufika. Kisha inakuja Ramadhani. Kila mwenye duka Kariakoo na Marikiti anataka nguo za Idi zifike kabla ya mwezi kuandama. Mizigo inakuwa 500 kwa siku. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, skrini inaanza kuganda.

"Mwanangu," mama anampigia simu, "hii mashine yako inanizimia na watu wamejaa mpaka mlangoni."

"Samahani mama, nipe dakika tano niiwashe upya."

Anaiwasha upya, nayo inakimbia kama mpya, na hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, lililo baya kuliko la kwanza. Dawa imefanya kazi, kwa hiyo kijana hatafuti ugonjwa. Siku iliyofuata tatizo linarudi, naye anaongeza hipu kuwa gigabaiti 8. Kuongeza kumbukumbu siku hizi ni kubonyeza mara moja: Microsoft ilifungua vituo vyake vya data katika Falme za Kiarabu mwaka 2019, Amazon ikafuata 2022, na seva kubwa zaidi inapatikana kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Hesabu yake lakini ni rahisi. Mizigo 500 kwa megabaiti 6 ni megabaiti 3,000 kwa siku. Gigabaiti 4 za nyongeza zimemnunulia mama siku moja na sehemu ya siku ya pili, na bili ya dirham itakuja kila mwezi.

Kijana anarudi kwenye gigabaiti 4 kwa ajili ya gharama, na kuipangia programu ijiwashe upya kila usiku saa nane. Inatulia. Kila asubuhi hipu ni safi, na siku nzima haijai. Wiki inapita, watu wanamsifu. Mpaka siku tatu kabla ya Idi, mizigo inapofika 700. Sasa ni megabaiti 4,200, na gigabaiti 4 ni megabaiti 4,096. Programu inakufa jioni, baada ya futari, saa ambayo Deira yote iko barabarani, na risiti zinaandikwa kwa kalamu.

Mtazame mzoa taka katika saa ya mwisho kabla ya kifo hicho, maana hapo ndipo wengi humlaumu. Hipu imebakiza nafasi finyu, kwa hiyo anaitwa kila mara. Kila akiitwa hupita kwenye obijekti zote zinazofikika, ambazo sasa ni mamia ya mizigo iliyokwisha kuondoka nchini, na mwisho wake anapata makombo. Prosesa iko juu kabisa, na kazi ya ofisi haisogei. Java ina ulinzi kwa hali hii kwenye aina moja ya mzoa taka wake: ikiona asilimia 98 ya muda inatumika kuzoa na kinachopatikana hakifiki asilimia 2 ya hipu, inatoa ujumbe wa OutOfMemoryError. Kijana anayesoma ujumbe huo husema mzoa taka ameharibu programu. Mzoa taka ndiye aliyefanya kazi kuliko wote siku hiyo.

Afrika Mashariki pia tumeyaona haya kwenye mfumo wa kweli. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulikulia kwa sehemu kubwa katika mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, ambako ulianza kutumika mwaka 2006 kwa wagonjwa wa Ukimwi. Umeenea nchi nyingi tangu hapo na umeokoa kazi nyingi ya makaratasi. Mfumo huo huongezewa uwezo kwa moduli zinazoweza kuwekwa na kutolewa bila kuizima seva. Kwa miaka mingi wasimamizi wake walizoea kukutana na ujumbe wa Java uliotaja PermGen, sehemu ya kumbukumbu iliyohifadhi maelezo ya aina za obijekti. Kila moduli ilipotolewa na kuwekwa tena, maelezo ya toleo la zamani yangeweza kubaki yakiwa yameshikwa na rejeo moja lililosahaulika, na sehemu ile haikuwa kubwa. Java 8 iliiondoa PermGen mwaka 2014 na kuweka utaratibu unaoweza kukua. Rejeo lililosahaulika, hata hivyo, haliponi kwa toleo jipya la lugha; linapata tu uwanja mpana zaidi wa kujificha.

Kijana wetu wa kago angefanya nini? Kwanza angeacha kukisia. Usomaji wa msimbo kwa macho humpeleka mtu kwenye sehemu anazozishuku tayari, na kosa la aina hii hukaa kwenye sehemu anayoiamini. Java inaweza kutoa picha nzima ya hipu ikaiweka kwenye faili, na kifaa kama Eclipse MAT kikaisoma faili hiyo na kusema: hapa kuna obijekti za mzigo 600, na zote zimeshikwa na daftari hili, ambalo limeshikwa na kigeu hiki cha kudumu. Mnyororo wa washikaji ndiyo habari yenyewe. Idadi ya megabaiti peke yake haikufundishi kitu. Unataka jina la anayeshika.

Pili, angechora grafu ya kumbukumbu kwa siku kadhaa bila kuizima programu. Programu yenye afya hupanda na kushuka, na kila baada ya usafi mkubwa hurudi karibu na sakafu ileile. Inayovuja, sakafu yake hupanda kidogo kila siku. Kuiwasha upya kila usiku hufuta ushahidi huu, na ndiyo sababu naichukia dawa hiyo hata pale inapomvusha mtu wiki ngumu. Kama huna budi kuitumia wakati wateja wako mlangoni, itumie, lakini piga picha ya hipu kabla ya kuzima.

Kisha tiba. Kila mahali ambapo obijekti inajiandikisha, pawepo palipoandikwa wazi itajiondoa lini na nani atahakikisha. Mimi napenda mistari hiyo miwili, wa kujiandikisha na wa kujiondoa, iandikwe siku moja na mkono mmoja, kabla ya chai, kwa sababu anayesema atarudi baadaye kuandika wa pili kwa kawaida hupewa kazi nyingine. Katika ofisi ya kago, kazi ileile inayoutoa mzigo kwenye orodha ndiyo iutoe kwenye daftari la viwango. Java na C# zina pia rejeo dhaifu, linaloweza kuielekea obijekti bila kumzuia mzoa taka kuichukua, na wapo wanaolitumia kwa madaftari ya wasikilizaji. Linafaa, ila lisimfanye mtu mvivu, kwani obijekti iliyoshikwa kwa rejeo dhaifu itaendelea kupokea habari mpaka mzoa taka apite, na hujui atapita lini.

Madaftari ya matukio si mshikaji pekee. Akiba ya majibu inayowekwa ili programu isirudie hesabu, ikikosa kikomo, ni uvujaji uliopewa jina zuri. Kila akiba iwe na idadi ya juu au muda wa kuisha. Orodha yoyote ya kudumu inayoongezewa na kamwe haipunguzwi itazamwe kwa jicho kali. Na picha za mizigo hazikuwa na sababu ya kukaa kwenye hipu hata kidogo. Zingekaa kwenye diski, obijekti ikabeba njia ya kuzifikia, na kosa lilelile la kutojiondoa lingekuwa na baiti chache tu za kubeba. Mwandishi mzoefu hupunguza pia uzito wa makosa ambayo bado hajayagundua.

Lipo jambo moja ambalo mzoa taka hakuahidi kamwe, na vijana wengi humdai. Yeye hushughulikia kumbukumbu. Faili lililofunguliwa, muunganisho wa hifadhidata, mlango wa mtandao, hivyo vina kikomo chake nje ya hipu. Obijekti inayoushika muunganisho inaweza kuwa ndogo sana, hipu ikawa tupu, mzoa taka asione haja ya kupita, na huku hifadhidata imekwisha kutoa miunganisho yake yote na inakataa wateja. Java tangu toleo la 7, la mwaka 2011, ina muundo wa try unaofunga vitu hivyo wenyewe mara kazi inapokwisha. C# ina using. Python ina with. Mwandishi anayevitumia kila mara, bila kungoja kuambiwa, amekwisha kuondoa kundi zima la simu za usiku.

Gari la Princeton liliporudishwa jangwani baada ya marekebisho, lilikwenda mbali kupita pale liliposhindwa siku ya mashindano. Jaribio walilolihitaji kabla ya Oktoba 2005 lilikuwa refu kuliko walilopata nafasi ya kulifanya: kuliacha gari litembee saa nyingi mfululizo huku mtu akiangalia sakafu ya kumbukumbu. Kwa ofisi ya kago, jaribio hilo linawezekana Shaabani, kabla shughuli hazijapamba moto. Unaandika programu ndogo inayofungua na kufunga mizigo 5,000 ya bandia usiku mmoja, unaomba usafi mkubwa wa hipu, kisha unahesabu ni obijekti ngapi za mzigo zilizobaki hai. Zikiwa sifuri, au idadi ya mizigo uliyoiacha wazi kwa makusudi, ofisi inaweza kufungua milango. Zikiwa 5,000, bado una mwezi mzima wa kumtafuta anayezishika.